Msimamizi amenirudishia utafiti mara mbili: abiria wa matatu wanaponyamaza, nitapima nini?

Binti_wa_Zimmerman
Habari za jioni, wadau. Niko mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Nairobi, nasoma saikolojia ya jamii, na nimekwama.

Mwezi jana nilipanda matatu ya abiria 14 kutoka mjini. Stejini makanga aliita hamsini. Mvua ikaanza kabla hatujafika Pangani, akasema sasa ni mia. Mama aliyeketi mbele yangu akakataa, akasema yeye alipanda kwa hamsini. Gari likasimama, akashushwa mvuani na mfuko wake wa mboga. Sisi wengine tukageuza macho dirishani. Nami nikatoa mia yangu, kimya. Mpaka leo sura ya yule mama hainitoki.

Nikaamua kufanyia utafiti jambo hilo. Niliupa jina "Ubinafsi wa Wakazi wa Nairobi", nikaandaa hojaji, nikawapa wanafunzi wenzangu 60. Swali kuu lilikuwa: ukimwona abiria anaonewa, utamtetea? Karibu wote walijibu ndiyo. Msimamizi akarudisha kazi, ameandika pembeni: "Ubinafsi ni nini, na umeupimaje?" Nikarekebisha, akarudisha tena: "Hawa 60 wanawakilisha nani?" Nimebakiwa na wiki 3. Nianzie wapi?

Mwalimu_Msaidizi
Pole, dada. Jambo uliloshika ni zito, usiliache. Kasoro iko kwenye hojaji: inapima wanachosema watu, na wewe unataka kujua wanachotenda.

Kisa hiki kiko katika kozi yako. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mwanasosholojia Richard LaPiere alizunguka Marekani na mwanafunzi mmoja Mchina na mkewe, wakati ambapo Wachina walichukiwa sana huko. Waliingia katika hoteli, kambi za wasafiri na mikahawa 251, wakafukuzwa mara moja tu. Baadaye akawaandikia wenye sehemu hizo kuwauliza kama wangepokea wageni Wachina. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walikataa. Alichapisha matokeo mwaka 1934. Kule mdomo ulikuwa mkali na mkono mpole. Kwako ni kinyume: mdomo unatetea, mkono unatoa mia.

Kwa hiyo tafuta kitendo ambacho watu wawili wakiketi gari moja wataandika jibu lilelile. Kwa mfano: je, baada ya abiria wa kwanza kulalamika, abiria mwingine alitamka neno la kumuunga mkono? Ndiyo au la. Ubinafsi hauonekani kwa macho, lakini neno likitamkwa linasikika.

Mama_Wendo
Mwanangu, mimi ni mshauri nasaha, na kilichonigusa ni hilo jina la utafiti. Umeona watu wamenyamaza ukasema ni wabinafsi. Lakini wewe pia ulinyamaza. Ukiulizwa sababu utataja mvua, giza, hofu ya kushushwa. Wewe umejipa mazingira, wenzako umewapa tabia. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross alilipa kosa hili jina, akaliita kosa la msingi katika kueleza sababu: tukieleza matendo ya wengine tunakuza tabia zao na kusahau hali waliyokuwa nayo.

Wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walionyesha uzito wa hali katika jaribio lao la mwaka 1973. Wanafunzi wa seminari kule Princeton, Marekani, walitumwa jengo jingine kutoa hotuba, na njiani waliwekewa mtu amejikunja mlangoni, anakohoa na kuugua. Kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu walimsaidia. Kati ya wasio na haraka, asilimia 63. Na baadhi yao walikuwa wanaenda kuhubiri habari za Msamaria mwema! Hata hiyo haikuleta tofauti kubwa. Sasa mfikirie mtu wa Nairobi saa moja usiku, mvua inanyesha, mtoto anamsubiri nyumbani. Futa neno ubinafsi.

Makanga_Thika_Road
Nimesoma yote. Mimi nafanya kazi hiyo na sitetei alichofanyiwa yule mama. Lakini niwaambie kitu ambacho hakiko vitabuni. Abiria mmoja akipiga kelele, makanga hababaiki, anajua wengine wanataka kufika. Akiongezeka wa pili, hata kama ni sauti ndogo tu kutoka nyuma, mambo yanabadilika. Wa tatu na wa nne wanaingia hapo hapo, na nauli inarudi ya stejini. Nimeona hivyo kwa miaka 9. Mtu wa kumwangalia ni huyo wa pili.

Mwalimu_Msaidizi
Kaka, hilo liko vitabuni, ila wewe umelijua kwa njia ngumu zaidi. Katika majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya miaka ya 1950, mtu mmoja aliketishwa na kundi lililokuwa limepangwa na mtafiti. Waliulizwa mstari upi una urefu sawa na ule wa mfano, na kundi zima likataja jibu la uongo lililo wazi kabisa. Takriban thuluthi moja ya majibu ya wahusika yalifuata mkumbo. Lakini Asch alipoweka mtu mmoja tu anayesema kweli, makosa yalishuka hadi karibu robo ya yale ya awali. Sauti moja ya pili!

Binti, nadharia tete yako, yaani dhana utakayoipima, umeandikiwa na mtu anayeijua kazi: abiria ataongea kwa urahisi zaidi akisikia mwingine ameshamuunga mkono mlalamikaji.

Takwimu_Kayole
Basi alete marafiki wawili, mmoja ajifanye abiria anayeonewa, mwingine amtetee katika nusu ya safari. Ili kuamua safari zipi ziwe na mtetezi, arushe sarafu. Kuona tu hakutoshi. Siku za mvua watu wana haraka na nauli pia hupanda, huwezi kutenganisha kipi kimesababisha kipi. Jaribio ndilo linalotenganisha.

Na lishafanyika hapa kwetu. Wachumi James Habyarimana na William Jack waliweka stika ndani ya matatu za Kenya kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya. Gari lipi lipate stika liliamuliwa kwa bahati, na madereva wakawekewa bahati nasibu ili wasizibandue. Hawakuwauliza abiria kama wana ujasiri. Walihesabu madai ya bima. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha madai yameshuka kwa nusu hadi thuluthi mbili. Walipopanua kazi hadi magari kama 12,000, matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kushuka kwa kati ya robo na thuluthi. Bado ni makubwa.

Mama_Wendo
Takwimu, kuhusu stika nakubaliana nawe, kuhusu kuigiza ugomvi hapana. Stika haimpigi mtu. Huyu binti akichochea ugomvi wa uongo barabarani, rafiki yake anaweza kusukumwa nje ya gari linalotembea, na abiria wengine hawakukubali kushiriki. Kamati ya maadili ya chuo haitapitisha, na kwa haki. Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, nacho hakipatikani kwa kukimbizana.

Takwimu_Kayole
Nimekuelewa, mama, naondoa pendekezo. Basi afanye nusu mbili. Darasani awape watu kisa cha maandishi: nusu wasome mlalamikaji yuko peke yake, nusu wasome kuna aliyemuunga mkono, kisa kipi kwa nani kiamuliwe kwa sarafu. Wajibu kwa 1 hadi 7 wangeongea au la. Hapo utajua sababu, ingawa ni kwa maneno tu. Kisha aingie kwenye magari aone vitendo vyenyewe bila kugusa kitu.

Na usichanganye mambo mawili, msimamizi atakushika hapo. Sarafu inagawa watu uliokwisha kuwapata, haikuletei watu wa Nairobi nzima. Hao 60 ni wanafunzi wa darasa lako. Andika hivyo wazi.

Binti_wa_Zimmerman
Nimesoma mara tatu na nimelia kidogo, asanteni. Jina jipya: "Sauti ya pili: kuungwa mkono kwa mlalamikaji na mwitikio wa abiria wa matatu". Nitatumia visa darasani, halafu safari 30 za kuangalia tu. Rafiki yangu atapanda nami, kila mmoja aandike peke yake, jioni tulinganishe. Hakuna majina, hakuna picha, hakuna kurekodi sauti. Fomu naipeleka kwa kamati kwanza, sitapanda gari kabla hawajajibu.

Makanga, kaka yangu, nikae wapi ili nisikie kila kitu?

Makanga_Thika_Road
Usikae mbele kwa dereva, muziki utakumeza. Wala nyuma kabisa, utaona visogo tu. Keti safu ya pili kutoka mlangoni, upande wa dirisha, rafiki yako akae nyuma yako. Na nauli uwe nayo mkononi imehesabika, usije ukawa wewe ndiye mlalamikaji.