Neno gani unalipenda kuliko yote? Lugha yoyote, tuambie na linavyotumika

BintiKorogwe
Habari zenu wapendwa. Leo naomba tuongee maneno. Kuna neno limenirudia wiki hii nilikuwa sijalisikia miaka na miaka, mtondogoo. Marehemu bibi yangu siku zake zilikuwa zinaenda hivi: leo, kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo, anakunja kidole kimoja kimoja huku ungo uko mapajani, na akishasema mtondogoo naenda gulioni basi ni siku ya nne kutoka leo, haizidi haipungui. Sasa juzi nimempigia fundi anayenitengenezea kabati, mzee wa makamo, akanijibu "njoo mtondogoo mama, litakuwa tayari", nikanyamaza hadi akauliza kama mtandao umekata. Nikamwambia hapana baba, umenikumbusha mtu.
Wanangu wao wanasema "siku mbili baada ya keshokutwa". Maneno matano hayo, na bibi lilimtosha moja!
Haya na nyie, neno gani mnalipenda, la Kiswahili, la kikwenu, la Kizungu, lolote, ila maana ya kamusi peke yake haitoshi, tuambieni mlilisikia wapi na linasemwaje.

mtu_wa_bahasha
Langu ni KUTWA. Nauza duka la dawa, kwa hiyo kila siku naandika kwenye bahasha 1x3 namwambia mteja "kimoja kutwa mara tatu", nimelisema miaka sita bila kulifikiria. Siku moja akaja mzee, nikampa maelezo yake, akaishika ile bahasha akaitazama weee halafu akaniuliza, mwanangu, kutwa si mchana, sasa usiku ninywe au nisinywe?
Aisee nilikosa jibu. Maana mzee yuko sahihi kabisa, si tunasema usiku kucha, mchana kutwa? Kucha ni kule kupambazuka, ndo tunasema kumekucha, na kutwa ndo hiyo hiyo kuchwa, jua kuzama, machweo yametoka humo humo. Kwa hiyo ukimwambia mtu anayekijua Kiswahili chake kutwa mara tatu anaweza akavimaliza vyote jua halijazama, na dawa ilitakiwa kila baada ya masaa nane. Tangu siku hiyo nataja saa, saa moja asubuhi, saa tisa alasiri, saa tano usiku, na naiandika pale pale kwenye bahasha. Nalipenda neno ila nalipenda kwa adabu sasa hivi.

kijana_wa_dom
@BintiKorogwe samahani dada, mtondo na mtondogoo si kitu kimoja? Mie nilijua ni namna mbili za kusema.

BintiKorogwe
Hapana mdogo wangu, mtondo ni siku ya tatu, mtondogoo ya nne. Leo ikiwa Jumatatu basi mtondo ni Alhamisi, mtondogoo Ijumaa.

MpembaHalisi
Asalaam aleykum. Mie nawapa BAMVUA. Ni yale maji makubwa, mwezi unapoandama na tena unapofika kumi na nne kumi na tano, bahari inajaa mpaka inagusa mizizi ya minazi halafu ikipwa inatoka mbali hata hujui ilikuwepo. Kwetu tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo inafika karibu mita 4. Kinyume chake ni maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari inajaa kidogo inapwa kidogo, kama imechoka.
Mama yangu hakuwa na kalenda ya ukutani. Akitoka uani usiku akaangalia juu, akirudi ndani anatafuta kijiti chake cha pweza anakiweka mlangoni, basi tushajua bamvua limeingia, kesho miamba ya mbali itakuwa wazi na skuli nitakwenda nimeshiba. Ukienda maji mafu unarudi na kikapu kitupu, ile miamba haitoki majini.
Na jengine, nyote mnasema kaskazini na kusini kila siku, lakini kaskazi na kusi ni pepo. Kaskazi inavuma Disemba mpaka Machi, ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi ya Uarabuni na Uhindi, kisha kusi ikishika inawarudisha kwao. Yaani aliyeko Dodoma akisema anakwenda kusini anataja upepo wa bahari, hata kama hajawahi kuiona. Hilo kwangu ni kubwa sana.

dereva_wa_mzigo
Mimi la Kiganda, GYEBALE KO. Nilikuwa nafuata mzigo Kampala, pale Kikuubo watu wamebanana, vijana wanapita na magunia kichwani, na kila anayepita karibu yao anawaambia gyebale ko ssebo. Nikadhani wanajuana. Kumbe ni salamu, unampa yeyote unayemkuta anafanya kazi, maana yake kama asante kwa kazi unayofanya, na kazi yenyewe hakufanyii wewe wala humjui. Mwanamke anaitwa nnyabo. Sisi mtu wa hivyo tunampa pole, "pole na kazi", tunamwonea huruma kwa kuchoka, wenzetu wanamshukuru. Pole yetu siiachi ila siku nilipokuwa nabadilisha tairi kwenye jua kali halafu mama mmoja mpita njia akaniambia gyebale ko, nguvu ziliniingia upya jamani.

MuuguziStuttgart
Hamjambo wadau, mimi ni Mkenya niko Ujerumani, nauguza wazee. Huku kuna FEIERABEND, feier ni sherehe, abend ni jioni, lakini maana yake ni ule wakati kazi ya siku imeisha. Hata ukimaliza shifti saa nane mchana ni feierabend. Mwezi wa kwanza nilikuwa najua maneno machache sana, ripoti nilikuwa naisikiliza huku natoka jasho, lakini kwa ile korido tukivua glovu kila mtu alikuwa ananiambia schönen Feierabend, hata yule asiyenisemesha siku nzima. Hilo ndilo la kwanza nililojibu bila kutafsiri kichwani. Na ukilisema umemaliza, hakuna mtu wa kukuongezea kazi baada ya hapo.
@mtu_wa_bahasha hiyo ya mzee nimeipeleka kwa grupu letu la wauguzi, asante sana.

BintiKorogwe
Jamani nimesoma yote, ya kijiti mlangoni nimeirudia mara mbili. MpembaHalisi, Mungu amlinde mama.
Kabati limeletwa leo saa nne asubuhi. Siku ya nne kamili.