Injini ya pikipiki ya Yamaha DT125 imeshika (imekwama), kiki haishuki

Wadau wa Nakuru, tu-stroku yangu (injini inayochoma oili pamoja na petroli) ilizima ghafla ikipanda Menengai. Nianzie wapi?

— Usilazimishe kiki. Toa plagi, mimina dizeli kidogo kwenye tundu lake, iache usiku kucha. Hata ikilegea usiiwashe: fungua silinda. Pistoni ikiwa imekwaruzika upande wa ekzosi (moshi) tu, shuku oili au petroli kuwa kidogo. Ikikwaruzika pande nne, joto lilizidi.

— Silinda ya chuma huchongwa ndani ipanuke. Nunua pistoni kubwa zaidi (kwa 0.25 au 0.5 mm) kwanza, ndipo fundi wa lethi (mashine ya kuchonga chuma) achonge kwa kipimo cha pistoni hiyo. Wengi hufanya kinyume! Konrodi (mkono unaounga pistoni na kranki) ikicheza juu-chini, beringi yake imekwisha.

— Na sili za kranki (mipira ya kuzuia hewa kwenye shafti ya injini)? Zikivuta hewa, pistoni mpya itashika vilevile. Ukichanganya oili na petroli mwenyewe kwa 1:32, weka 31 ml za oili ya 2T (ya tu-stroku) kwa lita ya petroli.