Kayabwe niliona nini hasa?

MWANZISHA MADA (Kampala): Wiki iliyopita nilikuwa naelekea Masaka, teksi ikasimama Kayabwe, pale ulipo mstari wa ikweta. Kijana ana mabeseni matatu. La kaskazini maji yanazunguka upande huu, la kusini upande ule, la mstarini yanashuka wima. Tukapiga makofi, nikatoa hela. Jirani yangu, mwalimu wa fizikia, alicheka: mzunguko wa dunia hupinda vimbunga, lakini kwenye beseni nguvu yake ni hafifu mno, na hatua chache kutoka ikweta ni kama haipo. Kinachoamua ni jinsi maji yanavyomiminwa.

Sasa, macho yangu hayakudanganya, maji yalizunguka. Uongo ulikaa wapi? Mwaka 1781 mwanafalsafa Mjerumani Kant alidai kwamba akili haipokei ulimwengu kama mtungi upokeavyo maji. Nafasi, wakati, hata chanzo na matokeo, tunakuja navyo sisi wenyewe. Mimi niko upande wake. Nyie je?

WA JINJA: Ssebo, ulitapeliwa, usimsingizie Kant. Nimekulia ziwani, dhoruba haimuulizi mvuvi anawaza nini. Na kama ulimwengu haupo huko nje, mwalimu alikusahihisha kwa kutumia nini?

WA GULU: Sawa, lakini si kila kitu ni ziwa. Mwandishi wetu Mwacholi, Okot p'Bitek, alisimulia jinsi mapadri Waitaliano walivyowauliza wazee wa Kiacholi, mwaka 1911, nani aliwaumba. Neno hilo halikuwepo, swali likawa "nani aliwafinyanga?" Wazee wakashangaa: watu si huzaliwa? Walipong'ang'aniwa, mmoja akakumbuka Rubanga, pepo anayefinyanga mgongo wa mwenye kifua kikuu cha uti mpaka awe na kibiongo. Basi Rubanga akafanywa Mungu Muumba, na mpaka leo tunamwomba kwa jina hilo! Hakuna aliyedanganya pale.

MWANZISHA MADA: Wa Jinja umenibana, nakiri. Kuna kitu kinachotukatalia. Ila abiria 14 tulikuwa pale na hakuna aliyetazama mkono wa kijana. Tulitazama maji, maana alishatuambia tutaona nini.

Usiku huu najaza beseni hapa Kawempe, nilizibue asubuhi maji yakishatulia. Jinja na Gulu wote mko kaskazini kama mimi. Nani yuko Masaka, kusini ya mstari, ajaribu pia?