Mrejesho: risasi za .30-06, grein 150 au 180?

Wakuu, niliuliza humu nichukue risasi za .30-06 (saizi ya risasi za bunduki ya kuwindia) zenye kichwa cha grein (kipimo cha uzito) 150 au 180 kwa shabaha ya mita 100. Bunduki yangu, ya kibali, hapa Arusha imezipenda za 180: matundu yote ndani ya sentimita 3 hivi, karibu dakika moja ya pembe (sehemu ya 60 ya digrii, kipimo cha mtawanyiko wa risasi). Za 150 zilitawanyika. Mtutu uacheni upoe kwanza, ukiwa wa moto unadanganya.

Mkuu uliyenionya kuhusu risasi za kujazwa upya zilizobanwa shingo tu (ganda lililotumika hubanwa mdomoni peke yake ili lishike kichwa kipya), asante sana. Ganda likifyatuliwa hutanuka kufuata chemba (tundu linamokaa risasi) ya bunduki ile, na kubana shingo hakurudishi tumbo lake, hivyo linaweza kukwama kwenye bunduki nyingine. Kwa porini nabaki na za kiwandani.