PS4 inawaka bluu kisha inazima, fundi anataka kuichoma bodi. Nipo Mtwara, naombeni ushauri

Kijana wa Chikongola (mleta uzi), Jumatatu saa 3:10 usiku

Wakuu, habari za usiku. Naombeni msaada kabla sijafanya kosa, maana kesho asubuhi fundi anakuja kuichukua mashine na moyo wangu bado haujaridhia.

Nina kibanda cha gemu huku Chikongola, Mtwara mjini. Kuna PS3 ya kaka yangu na PS4 niliyonunua mwenyewe mwaka jana kwa hela ya korosho, 380,000, ya mtumba, ile nene ya toleo la kwanza. Hiyo PS4 ndiyo inayolisha kibanda. Minada imeshaanza, vijana wana hela mfukoni, na Jumamosi foleni inatoka mlangoni mpaka kwa muuza chipsi.

Tatizo lilianza wiki mbili nyuma. Ikawa inazima ghafla katikati ya mechi, pap, bila onyo lolote kwenye kioo. Naiwasha, inaendelea. Jumapili umeme ukakatika mara tatu jioni moja, na uliporudi mara ya mwisho mashine ikagoma. Nikibonyeza inalia mara moja, taa inapepesa bluu kwa sekunde chache, kisha kimya. Nyeupe haifiki na tivii haioneshi kitu.

Fundi mmoja wa simu kaja, kaiangalia kwa nje, kasema chipu kubwa imeachia risasi, ile ya kulehemu inayoishikilia kwenye bodi. Anataka kuipiga bodi hewa ya moto kwa 90,000, na dhamana hatoi. Nilipomuuliza kajuaje bila kufungua, akasema taa ya bluu haina maana nyingine.

Bisibisi ninazo, na nimewahi kufungua redio na sabufa zikapona. Je, kuna kitu naweza kupima mwenyewe kwanza? Na hii habari ya kuichoma bodi ina ukweli?

---

Mvuvi wa Msanga Mkuu

Pole mdogo wangu. Ningekuwa mimi ningeiuza kama spea, niongezee hela nichukue Slim, ile PS4 nyembamba. Mashine ya mtumba ikianza kuumwa haiachi.

---

Baba Zai

Mkuu, hiyo ya kuchoma bodi nakusihi usikubali. Naongea kwa uchungu.

Nilikuwa na PS3, zile nene za mwanzo zilizotoka 2006. Ikanipiga taa ya njano. Enzi hizo kila mtu alikuwa anasema pasha bodi moto, risasi itayeyuka na kushika tena. Nikapeleka, ikachomwa, ikawaka, nikafurahi, nikamlipa fundi na soda nikamnunulia. Siku ya tisa taa ya njano ikarudi. Ikachomwa tena, ikakaa siku mbili. Mara ya tatu bodi ikapinda, plastiki za soketi zikayeyuka, ikafa moja kwa moja. Hata kama ugonjwa wake ulikuwa mwingine, baada ya moto ule hakuna aliyeweza kuujua tena.

Moto ukishaingia hauna kurudi nyuma. Mtu asiyefungua hata skrubu moja asikuchomee bodi.

---

Dada Fundi Lindi

Mwenye uzi, shika hapo hapo, mashine usiitoe. Mimi nina meza ya ufundi hapa Lindi mjini, tivii na redio ndiyo kazi yangu, na hizi PS zinanijia kila mwezi.

Kwanza uzielewe taa. Bluu si ugonjwa. Kila PS4 ikiwashwa inaanza na bluu inayopepesa, ikikamilisha kuamka inakuwa nyeupe. Chungwa ni usingizi. Nyekundu ni joto, na kabla haijafika huko kwa kawaida inakuandikia kwenye kioo kwamba imepata moto kupita kiasi. Kwa hiyo yako inajaribu kuamka na inashindwa njiani. Kinachoishinda kinaweza kuwa hadidiski (diski ya kuhifadhia), pawa saplai (boksi linaloilisha umeme), njia ya HDMI (inayopeleka picha kwenye tivii) au hiyo chipu. Chipu ni ya mwisho kwenye orodha yangu, kwa sababu ndiyo ghali na ndiyo isiyopimika kwa macho.

Anza na kisichohitaji kufungua sanduku. Chomoa waya wa umeme ukutani. Juu ya mashine kuna nusu inayong'aa, isukume pembeni kwa viganja, inateleza na kutoka, haina skrubu. Chini yake utaona skrubu moja yenye alama za kwenye pedi: pembetatu, duara, msalaba na mraba. Hiyo fungua, vuta kikapu cha hadidiski nje. Sasa washa mashine bila diski.

Ikifika nyeupe na kuandika kwamba haioni hifadhi, diski ndiyo imekufa, na hiyo ni nafuu: unaweka nyingine ya inchi 2.5, ya laptopu, unapakia programu upya kwa flashi. Ila vilivyoseviwa ndani vitakuwa vimekwenda. Ikiendelea na bluu na kuzima, diski haina hatia. Lete jibu hapa.

---

Kijana wa Chikongola, Jumanne saa 1:30 asubuhi

Dada, shikamoo, na asante sana. Fundi nimempigia asije.

Nimetoa diski kama ulivyoelekeza, ile skrubu ya alama nimeiona. Bila diski ni vilevile: mlio mmoja, bluu, kimya. Nimebadilisha waya wa HDMI, nimeiwasha bila HDMI kabisa, nimeihamishia kwenye soketi ya chumbani. Hakuna tofauti.

---

Dada Fundi Lindi

Marahaba. Vizuri, diski tumeitoa kwenye kesi.

Sasa kumbuka ulichoandika mwanzo: ilikuwa inazima ghafla, bila onyo, halafu inawaka tena. Ingekuwa joto peke yake ungepewa ujumbe. Kukatika pap kama mtu kachomoa waya, kisha siku ya umeme wa kukatika na kurudi ikagoma moja kwa moja, mimi hapo namshuku pawa saplai. Inaweza kuwa na nguvu ya kuamsha taa na feni, lakini mashine ikianza kuvuta umeme wa kazi inaanguka.

Fungua. Nyuma kuna lebo za karatasi zinaficha baadhi ya skrubu, zibandue. Ni skrubu za nyota zenye kinundu katikati, bisibisi yake ni T8 au T9, ile yenye tundu kwenye ncha. Mafundi wa simu wanazo, azima. Usilazimishe kwa bisibisi bapa, utazikata vichwa. Funiko la chini likitoka utaona boksi jeusi la plastiki, hilo ndilo saplai. Ukilitoa, linyanyue wima, taratibu, kwa sababu limekaa juu ya pini mbili nene zinazosimama kutoka kwenye bodi. Ukilipindisha unazipinda. Na chini yake kuna waya mdogo umechomekwa, usilivute kwa nguvu mpaka uwe umeuchomoa.

---

Ticha wa Fizikia

Naomba niongeze jambo moja hapa, na kijana usilipite.

Hilo boksi jeusi usilifungue. Kulitoa kwenye mashine ni sawa, kufungua plastiki yake si sawa. Ndani kuna kapasita kubwa inayohifadhi zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki nazo hata baada ya waya kutoka ukutani. Hiyo si ya kutikisa mkono tu, inaua. Chomoa umeme, kaa dakika kumi na tano kabla hujagusa chochote, na boksi likiwa mkononi usiingize bisibisi wala waya kwenye vitundu vyake.

---

Kijana wa Chikongola, Jumanne saa 11:45 jioni

Nimelisoma, Ticha. Nilisubiri nusu saa kabisa.

Wakuu, nimefungua. Nimekaa barazani mchana wote, skrubu nimezipanga kwenye sahani ya bati kwa mafungu. Bisibisi ya nyota nimeazima kwa jamaa wa simu pale stendi.

Nilichokikuta sikukitegemea. Vumbi lipo, tena lile jekundu la barabara yetu, limejaa kwenye feni na mapezi ya kupozea mpaka limekuwa kama kitambaa. Ila saplai ndiyo imenishtua. Kwenye matundu yake ya upande wa nyuma kuna miguu ya mende. Nililiinamisha kwenye gazeti na kuligonga kwa kiganja, wakatoka mende wakavu saba, wengine wamebaki mabawa tu, na vifuko vya mayai vile vya kahawia. Nikinusa matundu kuna harufu ya kuungua, kama nywele kwenye moto. Kwa tochi naona ndani mende mmoja amelala juu ya miguu ya kipuri fulani na pale alipolala pamekuwa peusi.

Na pini mbili nene za kwenye bodi zina kutu ya kijani kwenye mashina. Kibanda kiko karibu na bahari, upepo wa chumvi unaingia moja kwa moja dirishani.

---

Dada Fundi Lindi

Hao mende ninawatoa kwenye PS4 kila leo. Kwenye toleo hilo nene, feni inasukuma hewa ya moto ipite ndani ya saplai ndipo itoke nyuma. Kwa mende ni nyumba yenye joto, giza na mlango wazi. Anakanyaga sehemu mbili zenye umeme, anaungua, anaunganisha kisichotakiwa kuunganishwa. Huku kwetu ongeza chumvi ya bahari, ambayo inavuta unyevu usiku kila kitu kinapopoa.

Huna haja ya kubahatisha. Tafuta mtu mwenye PS4 nene kama yako, uazime saplai yake kwa dakika tano. Ukiwa unasubiri, safisha pini kwa mswaki mkavu, kisha spiriti isiyo na maji mengi ile wanayotumia mafundi wa simu, acha ikauke kabisa. Vumbi la feni lipulize, ila izuie feni kwa kidole isizunguke, ikizunguka kwa kasi inazalisha umeme kurudi kwenye bodi.

---

Mpemba wa Kariakoo

Kaka, kabla hujaazima, angalia ule waya mdogo wa saplai. Hizi nene zina saplai za aina mbili: za awali soketi ile ina pini 5, za baadaye ina pini 4. Haziingiliani. Watu wanaagiza kwa kuandika "ya PS4 fat", inasafiri na basi usiku kucha mpaka Mtwara, ikifika haichomeki. Hesabu pini, piga picha lebo, hiyo ndiyo oda.

Na kwa kuwa uko ndani: sehemu ya kusomea CD usiibadilishane na ya mtu. Bodi yake ndogo imeoanishwa na bodi kubwa ya mashine yake, ukiweka ya jirani CD hazisomi tena.

---

Baba Zai

Niko na wewe kijana. Usiku wa leo silali mpaka ulete jibu.

---

Kijana wa Chikongola, Jumatano saa 4:20 usiku

Wakuu, taa nyeupe imewaka.

Nina rafiki Mikindani ana nene kama yangu. Nimepanda bodaboda na mashine kwenye mfuko wa salfeti, nimeipakata mapajani. Tumehesabu kwanza: yangu pini 4, yake pini 4. Tukachomoa yake, tukasubiri muda aliosema Ticha, tukaiweka kwenye yangu bila diski. Nikabonyeza. Mlio, bluu, nikaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, halafu ikageuka nyeupe na kioo kikaandika kwamba haioni hifadhi. Rafiki yangu alinishika bega, mimi machozi yalinilenga, sioni aibu kusema.

Tukairudisha diski, ikafunguka na vyote vilivyoseviwa vimo. Tumecheza mechi mbili nzima. Feni ambayo nilikuwa naisikia kama mashine ya kukoboa sasa ukitaka kuisikia unainamisha sikio.

Saplai nimemrudishia mwenyewe, kwa hiyo mashine imerudi nyumbani bila moyo. Nikifikiria kwamba jana asubuhi bodi hii nzima ilikuwa inakwenda kuchomwa, nikalipa 90,000, na saplai ya mende ikabaki humo humo! Dada wa Lindi, Mungu akulinde na mikono yako.

Nimeshatengeneza kichanja cha mbao, mashine itakaa juu, mbali na dirisha. Nyuma nataka kuweka wavu mwembamba. Hilo ni salama?

---

Dada Fundi Lindi

Amina, mdogo wangu. Wavu usiweke, utajaa vumbi wiki ya kwanza na kuziba hewa, hapo joto ndilo litakuua. Fanya hivi: usiku ukifunga kibanda, chomoa umeme, subiri ipoe, iingize kwenye mfuko wa kitambaa na uufunge mdomo. Chakula kisiliwe karibu na mashine, dawa ya mende weka kwenye pembe za chumba, usipulize mashineni. Na umeme ukikatika, chomoa waya. Ukirudi, acha dakika tano utulie ndipo uchomeke, mpaka utakaponunua stabilaiza.

Feni ikianza kelele tena ndipo tutazungumza habari ya kubadilisha grisi ya prosesa. Sasa hivi iache, usifungue kisichokusumbua.

---

Mpemba wa Kariakoo

Kijana, tuma picha ya lebo ya saplai, upande wenye namba na ile volti 12. Kesho saa 4 nipo madukani. Nitaipima dukani mbele ya muuzaji kabla sijalipa, na jioni naipandisha basi la Mtwara.

---

Kijana wa Chikongola

Picha hiyo hapo, mkuu. Nimeifuta lebo vizuri, namba zote zinasomeka. Pini 4.