Nikinyoa kwapa na kinena nywele zinaota kwa ndani, mnafanyaje?

bi_shwari
Wadau habari za humu. Naombeni msaada maana nimechoka jamani, kila nikinyoa siku mbili tatu ngozi iko safi kabisa afu vinaanza vipele vinawasha hatari, vingine ukiangalia vizuri unauona unywele umejikunja humo humo chini ya ngozi. Vikipona vinaacha weusi hautoki leo wala kesho. Nywele zangu ni za kipilipili, natumia ule wembe wa nyembe tano na navuta ngozi ili zitoke mpaka chini. Nihamie waksi au?

mzee_wa_mashine
Umeshajijibu mwenyewe dada. Huo wembe wa kwanza unauinua unywele, unaofuata unaukata, ukiachia ngozi ncha inazama chini na imechongoka, sasa unywele wa kipilipili unaota kwa kujipinda utaacha kuchoma ngozi? Mi ndevu zilinitesa hivyo hivyo mpaka nikahamia mashine, inaacha kama milimita moja, sio laini sana ila vipele hamna. Ukitaka wembe lazima basi tafuta wenye ukali mmoja tu na usiwe butu, oga kwanza maji ya uvuguvugu zilainike, paka jeli ya kunyolea, nyoa kufuata zinakolalia, na usirudie rudie palepale. Kuvuta ngozi acha kabisa.

kokoto
Sugua na dodoki kwa nguvu kila siku hutaona kitu

mama_ngozi
@kokoto kwa nguvu tena?? Hapo unachubua ngozi ambayo tayari imeshawaka, na huo weusi anaoulalamikia ndo utazidi. Kuondoa ngozi iliyokufa ni sawa ila taratibu. Bora losheni yenye asidi ya salisiliki au glaikoliki mara chache kwa wiki, isiwe siku uliyonyoa maana itakuchoma uruke, na kinenani paka pale juu tu, usisogeze sehemu laini za ndani.

Waksi bi_shwari sikukatazi, ila ujue nywele nyingine zinakatikia ndani badala ya kung'oka, na hata zilizong'oka zinarudi nyembamba zinapata shida kutoboa ngozi. Krimu za kuyeyusha nywele haziachi ncha kali kama wembe, ila zinaunguza watu, kwa hiyo jaribu sehemu ndogo kwanza na usipitishe muda ulioandikwa. Kama una uwezo leza ndo inapunguza nywele zenyewe, sema kwa ngozi nyeusi uliza kabisa kabla hujalala kwenye hicho kitanda kama mashine yao ni Nd:YAG, yaani aina ya leza ambayo mwanga wake una urefu wa wimbi wa nanomita 1064, maana nyingine zinaweza kukuunguza ukatoka na madoa mabaya kuliko ya vipele.

bi_shwari
Asanteni sana, kumbe hizo nyembe tano ndo adui. Na hivi vilivyopo sa hivi nivitumbue?

mama_ngozi
Usitumbue mpenzi. Pumzisha wembe kama mwezi hivi, kanda na kitambaa cha maji ya uvuguvugu, vingi vinatoka vyenyewe. Unywele ukishajitokeza juu kama kitanzi unaweza kuuinua ncha kwa sindano iliyosafishwa na spiriti, ila usiung'oe, ukiung'oa mwingine unaanzia tena chini. Usichimbe. Na chupi zinazobana weka pembeni kwa sasa. Kikivimba kikawa jipu, kina usaha, au ukapata homa, nenda hospitali. Na kama wewe ni mtu wa makovu yanayovimba usisubiri mpaka huko, muone daktari wa ngozi mapema.

bi_shwari
Mwezi mzima?? Si utakuwa msitu huo 😩

mzee_wa_mashine
Mkasi upo, punguza tu juu juu. Nani anapima?