Kompyuta ya badala nayo ni mbovu, halafu naambiwa "haki yako ulishapewa"

Mwenye Risiti
Ndugu wanajukwaa, nimetoka huko sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Duka lenyewe mnalijua, sina haja ya kulitaja. Ni lile linalokupokea kwa tabasamu ukiingia na fedha na kukugeuzia kisogo ukiingia na risiti. Kompyuta mpakato niliyonunua kwao ilikuwa ikizima skrini kila ilipojisikia, wakaikagua, wakakiri kwa maandishi kwamba ni mbovu, wakanipa nyingine ndani ya boksi lililofungwa vizuri. Hiyo nyingine haishiki chaji, na ilipokubali kuwaka ilinikaribisha kwa jina la mtu nisiyemjua, huku picha za harusi yake zikiwa zimejaa skrini nzima. Ripoti ya betri inaonyesha kwamba imekwisha kuchajiwa mamia ya mara.

Nikairudisha. Yule kijana wa kaunta hata hakuigusa. Aliisukuma risiti yangu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeondoa inzi aliyekufa mezani, akasema mbele ya foleni nzima: "Hiyo ni badala, na badala haina dhamana. Haki yako ulishapewa." Kwa kidole kimoja! Ningetukanwa matusi ya nguoni ningevumilia, lakini kidole kile nitakiona hadi kaburini.

Bibi Waya
Pole sana, ndugu yangu. Duka hilo hilo lilinibadilishia pasi isiyopata moto kwa pasi isiyopoa. Huyo kijana namfahamu, na kidole hicho nakifahamu pia.

Mzee wa Foleni
Mkuu, mtu mzima unapokeaje kompyuta bila kuiwasha palepale? Wewe ulibeba boksi, sasa lalamikia boksi.

Mwenye Risiti
Niliomba kuiwasha, nikajibiwa kwamba vifaa vipya hutoka kiwandani bila chaji na kwamba nikavunje gundi nyumbani. Na hata ningeiwasha, je, hilo lingempa ruhusa ya kuisukuma risiti yangu kwa kidole? Watu walicheka. Mama mmoja alimfunika mtoto wake macho.

Karani Mstaafu
Huyo kijana amechanganya mambo mawili, na wauzaji wengi hupenda yachanganyike. Dhamana ya mtengenezaji ni ahadi ya hiari yenye masharti yake. Wajibu wa muuzaji wa kukabidhi kitu kizima hutokana na sheria, na hauishi kwa kukabidhi kibovu cha pili. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 inasema kwamba ukarabati mmoja au badala moja ikishindikana, mnunuzi anaweza kudai apunguziwe bei au arudishe kitu na kurejeshewa fedha zake. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2019 nalo linamruhusu mnunuzi kudai hivyo kasoro inapojitokeza licha ya muuzaji kujaribu kurekebisha. Soma sheria ya nchi yako, kisha andika barua ya kudai fedha zako na uambatanishe risiti, yale maandishi yao ya kukiri na ripoti ya betri. Usiombe badala ya tatu.

Mwenye Risiti
Nakushukuru, mzee wangu, barua nitaiandika leo. Lakini ungekiona kile kidole!

Fundi Kimya
Mmelipita jambo zito. Kama kompyuta aliyopewa ina picha za harusi ya mtu, maana yake ilirejeshwa dukani na haikufutwa kabla ya kutolewa tena. Mwenye Risiti, ile yako ya kwanza walibaki nayo. Je, waliifuta?

Mzee wa Foleni
Basi sasa hivi kuna mtu anatazama picha za Mwenye Risiti na kulalamika kwamba hazina hata harusi.

Mwenye Risiti
Nabadilisha nywila zangu zote sasa hivi. Yaani nisukumiwe risiti kwa kidole, na faili zangu zibaki kwao?

Mama Barafu
Angalau wewe una kompyuta ya kugombania. Friji yangu ya badala ilikufa na chakula kizima ndani, nikaambiwa kwamba dhamana ilihesabiwa tangu siku niliyonunua ile ya kwanza, kwa hiyo imekwisha. Miezi yote ambayo ile mbovu ilikaa kwao ikingoja fundi nayo ilihesabiwa kana kwamba nilikuwa nikigandisha barafu!

Bibi Waya
Kwa pasi yangu walifanya hivyo hivyo.

Karani Mstaafu
Mama Barafu, hilo hutofautiana kati ya nchi na nchi, tena kati ya karatasi na karatasi. Tazama kama karatasi yako ya dhamana inasema muda unaanza upya au unaendelea. Ikiwa imenyamaza, dai kwa muuzaji kwa misingi ya sheria, na utaje tarehe uliyokabidhiwa hiyo ya pili.

Mama Barafu
Karatasi ilikuwa imebandikwa nyuma ya ile friji ya kwanza, na waliondoka nayo.

Fundi Kimya
Huo ubovu wa friji ulianzaje? Ilikuwa ikinguruma bila kupoza, au ilinyamaza kabisa?

Mama Barafu
Ilinguruma usiku kucha, kisha ikanyamaza. Nina video yake; naipakia.